Laptopu inayozimika kwa joto haijafa, inaomba hewa

Ukipita Buyenzi, Bwiza au katikati ya jiji la Bujumbura siku hizi, hutakosa kukutana na kijana aliyebeba mgongoni laptopu nene na nzito, yenye vitufe vinavyowaka rangi nyekundu, kijani na buluu. Vijana wenyewe huiita laptopu ya gemu. Nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika ughaibuni kwa miaka kadhaa, na hununuliwa kwa fedha ambazo mwalimu kama mimi angezihesabu kwa mishahara ya miezi mingi.

Jina lisikudanganye, ndugu msomaji. Wengi wa vijana hawa hawazinunui kwa ajili ya kucheza tu. Wanahariri video za harusi, wanachanganya sauti za muziki, wanachora ramani za nyumba. Kazi hizo zinahitaji prosesa yenye nguvu na kadi ya picha, na laptopu ya gemu iliyotumika ndiyo njia nafuu ya kupata vyote viwili. Gemu huja usiku, kazi ikiisha.

Tatizo huanza baada ya muda. Feni hupiga kelele kama mashine ya kusaga, meza hupata moto, kazi huanza kwenda polepole, halafu ghafla kioo kinakuwa cheusi. Hakuna onyo wala ujumbe. Mwenye mali anasubiri kidogo, anaiwasha, inafanya kazi dakika kumi, inazimika tena. Ikifika siku ya tatu anaamua kwamba imekufa, na kuipeleka kwa mnunuzi wa vipuri kwa bei ya kutupa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi wa kompyuta. Lakini kwa kuwa wanafunzi wangu wa zamani hawaachi kuniletea matatizo yao, nimeshuhudia mashine kadhaa za namna hii zikizikwa zingali hai. Hoja yangu katika makala haya ni moja: laptopu inayojizima kwa sababu ya joto mara nyingi haijaharibika, bali inajilinda. Atakayeelewa inajilinda dhidi ya nini ataokoa fedha zake na kazi yake.

Maharusi wanasubiri

Mwezi Agosti 2024, kiangazi kikiwa kimekolea na harusi zikiwa nyingi, alinijia kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye anaishi kwa kupiga na kuhariri video za sherehe.

"Mwalimu, leo imezimika mara ya nne," aliniambia. "Video ya watu imefika nusu, na Jumapili wanaitaka. Malipo ya mwanzo nimekwisha kulipia kodi ya nyumba."

Fundi mmoja wa mjini alikuwa amemwambia kwamba ubao mkuu umeungua, na kwamba angeweza kumsaidia kwa kuinunua mashine hiyo kama vipuri. Bei aliyotaja haikufika hata robo ya ile aliyoinunulia. Kijana alikuwa karibu kukubali, na si vigumu kumwelewa: mtu mwenye deni hana muda wa kutafuta maoni ya pili.

Tulikwenda Buyenzi kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi kwa kutengeneza redio za kaseti. Mzee hakufungua kitu kwanza. Aliiwasha, akaipa kazi nzito, akaweka kiganja nyuma, mahali inapotokea hewa. Alikaa hivyo dakika nzima, kisha akanitazama.

"Mwalimu, mtoto huyu haumwi," alisema. "Amezibwa pua."

Alipoifungua, kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na utando wa vumbi, masizi na nyuzi za nguo, umeshikana kama kipande cha blanketi. Aliuvuta kwa kibanio ukatoka mzima. Akafuta dawa iliyokauka juu ya prosesa, akapaka nyingine, akafunga.

Kabla ya hapo, programu ya kupimia joto ilikuwa ikionyesha nyuzi 100 za Selsiasi ndani ya dakika chache, kisha mashine inazimika. Baada ya matengenezo, kazi ileile ilifika nyuzi 84 na kutulia hapo. Video ilimalizika usiku uleule. Malipo aliyodai mzee hayakufika bei ya gunia moja la makaa.

Joto hilo linatoka wapi?

Umeme wote unaotumiwa na prosesa huishia kuwa joto. Prosesa ya laptopu ya gemu kwa kawaida hutumia wati 45 au zaidi inapofanya kazi kwa nguvu, na kadi ya picha huweza kutumia wati 80, 100 au hata kupita hapo.

Msomaji anaweza kusema kwamba wati 45 ni kidogo, maana zamani balbu moja ya nyumbani ilitumia 60. Ni kweli, lakini tazama ukubwa wa mahali joto hilo linapozaliwa. Sahani ya jiko la umeme yenye upana wa sentimita 18 na nguvu ya wati 1,500 hutoa takriban wati 6 kwa kila sentimita ya mraba. Chipu ya wati 45 yenye eneo la sentimita 2 za mraba hutoa zaidi ya wati 22 kwa kila sentimita. Kwa hiyo, ukilinganisha eneo kwa eneo, kilichomo ndani ya laptopu ni kikali zaidi ya mara tatu kuliko jiko linalochemsha maharage. Kinachokiokoa kisiungue ni kwamba joto linaondolewa haraka kama linavyozaliwa.

Nilipokuwa mwanafunzi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, tulifundishwa sayansi kwa Kiswahili, na mwalimu wetu alitumia mifano ya jikoni. Kijiko cha chuma kilichosahauliwa ndani ya uji huunguza vidole ingawa mpini wake hauko motoni. Ukipuliza uji kwenye kikombe, pumzi hubeba joto na kuondoka nalo. Wanafunzi wangu wa hapa husoma mambo hayo kwa Kifaransa, lakini nikiwapa mfano wa kijiko na uji huelewa mara moja. Laptopu hutumia njia hizo hizo mbili.

Kwanza joto hutoka kwenye chipu na kupita katika dawa laini, nyeupe au ya kijivu, ambayo mafundi huiita pesti. Kazi ya pesti ni kujaza vijishimo visivyoonekana kwa macho kati ya chipu na bamba la shaba, maana hewa ikibaki humo huzuia joto kupita. Kutoka kwenye bamba joto huingia katika mirija bapa ya shaba. Ndani ya mirija hiyo mna kimiminika kidogo sana, mara nyingi maji. Upande wa chipu maji hugeuka mvuke na kukimbilia upande wa feni. Huko mvuke hupoa, hurudi kuwa maji na kunyonywa tena hadi kwenye chipu, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Mirija ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1963 na George Grover wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, na haikuchukua muda ikaanza kutumika katika vyombo vya anga za juu.

Mwisho wa mirija kuna mapezi membamba ya shaba au alumini, na feni hupuliza hewa katikati yake. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja tu, joto hukwama. Pesti ikikauka, umekatika mwanzoni. Vumbi likiziba mapezi, umekatika mwishoni.

Hapo ndipo mazingira yetu yanapoingia. Feni haiwezi kupoza mashine chini ya joto la hewa inayoivuta. Hewa ya chumba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, kila kitu ndani ya laptopu nacho hupanda kwa karibu nyuzi 10. Ndiyo maana mashine inayofanya kazi vizuri katika milima ya Mugamba, ambako jioni watu huvaa makoti, huweza kuzimika ikiletwa huku bondeni kando ya Ziwa Tanganyika. Ongeza vumbi la kiangazi na moshi wa makaa, na jibu utalipata mwenyewe.

Kuzimika ni ulinzi

Wapo wanaochukia kuzimika huku kiasi cha kumwomba fundi auondoe ulinzi huo. Wangefaa kukumbuka yaliyoonekana mwaka 2001, pale jarida la kompyuta la Tom's Hardware, lililoanzishwa na Mjerumani Thomas Pabst, lilipofanya jaribio mbele ya kamera. Waliondoa kipoza joto juu ya prosesa wakati kompyuta zinafanya kazi. Prosesa za Athlon za AMD za wakati ule ziliungua na kutoa moshi papo hapo. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi yake, na gemu ya Quake III ikaendelea kwa kusuasua.

Siku hizi ulinzi huo umo katika prosesa zote za laptopu. Nyingi zimewekewa kikomo kati ya nyuzi 95 na 105. Zikikaribia hapo hupunguza kasi, na ndiyo sababu kazi huanza kwenda polepole kabla ya kioo kuwa cheusi. Joto likiendelea kupanda, hukata umeme mara moja. Kwa hiyo ule upole wa ghafla wa mashine ni sawa na mawingu kabla ya mvua. Anayeuona na kupumzisha mashine yake hapotezi kazi.

La kufanya, hatua kwa hatua

Kwanza, hakikisha kwamba kinachozima mashine ni joto. Kuna programu za bure kama HWiNFO na HWMonitor zinazoonyesha joto la prosesa na la kadi ya picha. Iwashe, fanya kazi nzito na uangalie. Nyuzi 85 hadi 95 wakati wa kazi nzito si jambo la ajabu kwa laptopu za gemu. Ikigusa 100 na kukaa hapo, joto ndilo mshukiwa. Lakini ikizimika ikiwa na nyuzi 60, usiilaumu feni. Tazama betri, waya, soketi na chaja. Laptopu iliyotengenezewa chaja ya wati 180 au 230 haitosheki na ya wati 65 iliyookotwa sokoni, hata kama kichwa chake kinaingia.

Pili, angalia inapokaa. Laptopu nyingi za gemu huvuta hewa kwa chini na kuitoa nyuma au ubavuni. Ukiiweka juu ya godoro, blanketi au kitambaa cha meza, umeiziba mdomo. Kiswahili kimeiita kompyuta mpakato, lakini hii ya gemu usiipakate. Iweke juu ya meza ngumu, kisha inua upande wa nyuma kwa sentimita 2 au 3 kwa kutumia vipande viwili vya mbao, bila kuziba matundu. Ni dawa isiyo na gharama, na peke yake huweza kupunguza nyuzi kadhaa.

Tatu, punguza mzigo. Katika mipangilio ya umeme ya Windows kuna sehemu inayopanga kiwango cha juu cha prosesa. Ukikishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi huacha kujiongezea kasi ya ziada, na joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana. Video itachukua muda mrefu kidogo kukamilika, lakini itakamilika. Mashine ambayo sehemu hiyo imefichwa huwa na programu ya mtengenezaji yenye hali ya utulivu, nayo hufanya kazi hiyo. Kwa wachezaji wa gemu, wekeni kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Kama kioo chako hakiwezi kuonyesha zaidi ya hizo, nyingine zote ni joto la bure.

Nne, safisha. Kwa vumbi letu, mara moja kila miezi sita ni ratiba ya busara, na mwisho wa kiangazi usipite bila kufanya hivyo. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na kabla ya kugusa chochote chomoa waya wa betri. Tumia brashi laini. Shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, maana kuizungusha kwa nguvu huharibu ekseli yake. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Wala usiipeleke kwa wajaza upepo wa magurudumu, ambao Buyenzi wamejaa: pampu zao zina nguvu kupita kiasi, na mara nyingi upepo wake hutoka na matone ya maji.

Tano, pesti ibadilishwe. Mashine ikiwa imetumika miaka mitatu au minne bila kufunguliwa, pesti huwa imekauka. Ifutwe kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, ipakwe mpya kiasi cha kufunika uso wote wa chipu kwa utando mwembamba. Kurundika nyingi hakusaidii. Wapo wanaotumia dawa ya meno, nayo hukauka baada ya muda mfupi na kuirudisha mashine palepale. Kuna jambo moja la kuangalia sana hapa: baadhi ya laptopu za bei kubwa hutumia metali ya maji badala ya pesti. Metali hiyo hupitisha umeme na hula alumini. Tone moja likianguka penginepo, ubao mkuu utaungua kwelikweli. Ukiona kitu kinachong'aa kama zebaki, funga na umtafute fundi anayekijua.

Yasiyofaa kujaribiwa

Nimesikia vijana wakishauriana kuiweka laptopu kwenye friji, kuifunika kitambaa chenye maji au kuiweka juu ya barafu. Yote hayo ni hatari. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hutoa jasho. Laptopu nayo hutoa jasho hilo, lakini kwa ndani, juu ya nyaya zenye umeme.

Hatari kubwa zaidi ni betri. Joto la muda mrefu huizeesha, na betri za lithiamu zikiharibika huweza kuvimba. Ukiona sehemu ya kuwekea viganja imeinuka, kipanya cha kugusa hakibonyei, au mfuniko wa chini haukai sawa, acha kazi hapo hapo. Usiichaji, usiibonyeze ili irudi, usiitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umpelekee fundi aiondoe. Katika chumba kimoja ambamo watu wanne wamelala, moto wa betri ni suala la maisha, na hakuna video ya harusi yenye thamani hiyo. Kama mashine yako hukaa kwenye chaja mchana kutwa, tafuta katika programu ya mtengenezaji mpangilio wa kuizuia betri isipite asilimia 80. Betri hukaa zaidi.

Kabla hujatoa faranga zako

Kwa anayetaka kununua, wengi huangalia kioo, vitufe na rangi za taa, wakalipa. Ningemshauri aombe nusu saa. Iwashwe ikiwa kwenye chaja yake yenyewe, ipewe kazi nzito, na programu ya kupima joto iwe wazi. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu. Weka kiganja inapotokea hewa: hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni dalili njema, maana joto linaondoka. Mbaya ni feni inayopiga kelele huku kiganja hakihisi kitu. Sikiliza pia kama feni zote mbili zinazunguka, kwa kuwa laptopu nyingi za gemu zina mbili, na moja ikifa nyingine hujitahidi kuficha.

Ukikuta vumbi, usikimbie. Mashine chafu lakini nzima huweza kuwa ununuzi mzuri, mradi bei ihesabiwe pamoja na gharama ya kuisafisha.

Kwa mafundi wetu nina neno moja. Kijana anapokuletea laptopu inayozimika, brashi na kibanio vitangulie neno la vipuri. Kumwambia mtu kwamba ubao mkuu umeungua kabla ya kuangalia mapezi ni kumtoa kazini. Yule aliyenijia Agosti 2024 asingekuwa amepoteza kompyuta tu. Angepoteza wateja wa msimu mzima, na neno lake mbele ya maharusi waliomlipa. Fundi naye angepata faida ya siku moja na kumpoteza mteja anayerudi kila miezi sita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa laptopu za gemu mambo ni kinyume kidogo: usipozibua tundu, utanunua nyingine. Wiki hii, kabla ya kazi kubwa inayofuata, washa mashine yako, ipe mzigo, uweke kiganja nyuma yake. Kama hewa haitoki, unajua pa kuanzia.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Bujumbura.